Tetemeko la Pikapu ya Baba Yako

Hidaya mwanangu,

Salamu za amani zikufikie ukiwa juu ya maji, maana najua hutaufungua waraka huu kabla boti haijatoka Mkoani. Nakujua tangu umo tumboni mwangu: ukipewa kitu unakificha mpaka uwe peke yako. Basi ukimaliza kutapika, na utatapika, kwani kwetu hakuna aliyewahi kuvuka mkondo na chakula chake tumboni, jifute mdomo, kaa upande wenye upepo, usome polepole.

Sasa hivi ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda Makoongwe kumuaga shangazi yako, begi lako lipo ukumbini limefungwa kamba kama mbuzi wa sadaka, na mie nimekaa kizingitini nimepakata sinia, daftari juu yake. Mambo ya kula, ya kulala, ya kusali kwa wakati na ya kutoazimana nguo na wasichana wenzio, bibi yako amekuhubiria wiki nzima mpaka nikakuonea huruma. Mie hayo sina la kuongeza. Mie nataka kukwambia habari ya pikapu.

Najua unasema: khaa, mama, tena? Ndiyo, tena! Hadithi hii nimeihadithia harusini, nimeihadithia kwenye foleni ya maji, na kina mama wa Chokocho hunitaka niirudie kila ninapokwenda kuwapakilia mwani. Naipenda, wala sioni haya kusema. Mwanamke aliyeshona kofia umri wake wote, kaitibu gari iliyowashinda mafundi, nani asingejisifu? Lakini kila ninapohadithia kuna kipande nakiruka. Wewe wakati ule ulikuwa Wete kwa dada yangu, khalati yako, una mitihani, ukaipata habari nusu nusu kwenye simu. Leo nakupa nzima, na kipande hicho ndani yake.

Nianze na baba yako, Mungu amrehemu.

Safari yake ya mwisho alikwenda Chokocho kupakia mwani. Unajua kina mama wale wanavyotoka majini na magunia mabichi, viuno vimepinda. Baba yako alikuwa hawezi kuwatazama. Kila mara aliiteremsha gari mpaka mchangani kwenye maji, awapunguzie japo hatua ishirini. Siku ile maji yalijaa upesi, yakafika nusu ya magurudumu. Akatoka nayo kwa taabu, akakutana na mvua njiani, akafika hapa gari imepakwa tope mpaka madirishani. Desturi yake unaikumbuka: akitoka pwani hata chai hanywi, kwanza ndoo za maji ya kisima, anaosha chini ya gari, gurudumu moja moja, huku akiniambia, "Chumvi haina udugu, Riziki." Siku ile akasema kifua kinambana kidogo, ataiosha kesho. Akaitia bandani, akaegemea mlango wa gari kwa mkono wa kulia ili avue viatu, akaingia ndani. Alfajiri nikamwamsha, hakuamka.

Ya mazishi unayajua, ulikuwepo. Usilolijua ni hili. Nilipokaa eda, dirisha la chumba changu lilikuwa linatazamana na banda. Na pale kwenye mlango wa pikapu, katika tope lililokauka, kulikuwa na kiganja cha baba yako. Vidole vitano vyote, na kile cha mwisho kilichopinda. Nilikuwa nikimaliza kusali nakaa nakitazama. Siku ya saba alikuja Fundi Kombo, mwenye gereji ya njia panda, rafiki wa baba yako tangu skuli. Akabisha hodi, akasimama nje kwa adabu zake, akasema: "Bi Riziki, niruhusu niioshe gari ya marehemu, na niisogeze kidogo. Ina maji ya bahari ile." Nikamjibu nikiwa ndani: "Gari isiguswe." Akarudi baada ya mwezi. "Fundi, nimesema isiguswe!" Miezi minne na siku kumi, mwanangu, sikumruhusu mtu hata kuwafukuza kuku waliofanya makao mgongoni mwake. Nilijiona mke mwema kuliko wake wote wa Pemba.

Nilipotoka eda nilifuta vioo tu, nikawasha, nikatoka. Leseni ninayo, baba yako mwenyewe alinifundisha kwenye uwanja wa mpira wa skuli, na watu waliosema wakasema mpaka wakachoka. Sikuwa na njia nyingine: kofia haziwezi kumpeleka mtu chuo cha uuguzi Unguja. Na unajua nini kilitokea? Hata sijafika Mkoani, mvua ikashuka. Dakika moja tu. Nilipoteremka kutazama mlango, kiganja hakipo, rangi nyeupe inang'aa. Nilichokilinda miezi minne kilikwenda bila hata kuniaga. Nikalia pale barabarani, nikapanda tena, nikaendelea, na kwenye mteremko wa kuingia mjini nikakanyaga breki.

Mama yangu wee! Usukani ulianza kutikisika mikononi, pedali inapiga unyayo, tu tu tu tu, mpaka meno yakagongana. Nikainua mguu, ikatulia. Nikakanyaga, ikaanza. Nikafika chini nikitetemeka mie na gari, sijui nani alikuwa mbaya zaidi.

Kwenye tambarare ilikuwa inakwenda kama imepakwa samli. Breki tu ndiyo iliyoleta fitina. Na kisiwa hiki chetu, unakijua, ukitoka kwenye mteremko mmoja unaingia kwenye mwingine. Kina mama nyuma wakaanza kunitania: "Bi Riziki, gari yako imeshikwa na homa, ipe panadoli." Nikacheka nao. Baada ya wiki mbili hawakutania tena, waliteremka juu ya kila mlima wakatembea kwa miguu, wakapanda tena chini. Hilo lilinichoma kuliko maneno.

Ndipo ami yako Faki alipopanda. Nataka umwelewe ami yako, maana najua mpaka leo umemnunia. Sheria ya Mungu imempa fungu katika ile pikapu, mie nina langu, wewe lako, yeye lake, hakudhulumu mtu. Tuliafikiana niendeshe, naye apate chake. Siku ile alikuwa anakwenda hospitali kumtazama mgonjwa. Nikamteremsha mteremko wa Mkoani. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, akasoma kila dua aliyofundishwa chuoni, na tulipofika chini akashuka akaenda zake na kiatu kimoja, kingine kimo ndani ya gari. Jioni alikuja hapa. Hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji, nimemzika ndugu yangu mwaka huu. Sitaki kukuzika na wewe, wala kuulizwa damu za watoto wa watu. Tuiuze." Nikasema itatengenezwa. Akasema, "Ikitengenezwa, mimi wa kwanza kupanda. Lakini miezi miwili ikiandama na hali ni hii, nina mnunuzi wa Wete, atakuja kuichukua."

Basi hali ikawa hiyo. Gari ikiuzwa, fungu langu na lako yangekupeleka muhula mmoja, labda na nusu, kisha ungerudi kukaa hapa kushona kofia na mie. Wewe ulijua. Ndiyo maana ulinipigia simu ukasema, "Mama, uzeni tu, mimi nitatafuta kazi dukani." Nikakwambia sikusikii, mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima, Hidaya. Nilikusikia kila neno. Nilikata kwa sababu nilikuwa nimeanza kukubali, na nikaona haya usije ukaisikia sauti yangu.

Fundi Kombo akabadilisha diski za mbele, hizi sahani za chuma ambazo pedi za breki huzibana ili gurudumu lisimame. Diski mpya, pedi mpya. Wiki ya kwanza gari ilitulia, nikachinja jogoo. Ya pili ikaanza kutikisika kwa mbali. Ya tatu ni ileile. Akabadilisha tena, mara hii kwa gharama yake, masikini. Wiki ya kwanza nzuri, ya tatu ileile! Binamu yangu akasema ni hasadi, gari imeonwa, ifukizwe. Nikafukiza udi na ubani chini ya boneti. Ikatetemeka huku inanukia.

Na hapa nakuja kwenye moja ya makosa yangu mawili. Nilikwenda gereji kwa Kombo mchana kweupe, wanaume wamejaa barazani wanakunywa kahawa, nikasimama nikasema kwa sauti uliyoirithi wewe: "Kombo, umeniuzia diski za jaani! Rafiki yako kafa, unamla mjane wake!" Yeye alikuwa na spana mkononi, akaiweka chini. "Bi Riziki," akasema, "mie diski nilizifungua kwenye karatasi mbele ya macho yako." Ni kweli, niliziona. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mie nikifungua mdomo kuufunga ni kazi. Nikaongeza mengine ambayo sitayaandika. Maji yakishamwagika hayazoleki, nawe una ulimi kama wangu, basi nakutajia tu.

Zikabaki siku tatu mwezi ule wa pili uandame.

Siku ile nilikuwa nimekaa hapahapa kizingitini, nashona kofia ya bwana harusi. Mikono inashona, macho yanaitazama gari. Nikajiambia: Riziki, kila mtu ameitibu gari hii, hakuna aliyeiuliza inaumwa nini. Mtoto akilia usiku humpi dawa ya tumbo kabla hujamshika tumbo. Basi nikaanza kuiuliza. Unatetemeka ukikimbia? Hapana, nikifungwa breki tu. Haya, basi si tairi, tairi mbovu haingojei breki. Unatetemekea wapi, kwenye kiti au kwenye usukani? Kwenye usukani. Basi kesi iko mbele, nyuma wote wasafi. Nikapiga jeki gurudumu la kushoto, nikalishika juu na chini nikalisukasuka kama baba yako alivyonionyesha. Limetulia, halichezi, beringi nzima.

Nikalitoa gurudumu. Nikafungua kile chuma kinachobeba pedi, nikakifunga kwa kamba pembeni kisining'inie kwenye mpira wa mafuta ya breki ukakatika. Nikarudisha nati nikazikaza, diski ikae imara mahali pake kama inavyokaa barabarani. Sasa nataka kujua kama diski inazunguka sawasawa, au inayumba. Mafundi wa mjini wana saa yao ya kupimia. Mie nina nini? Nina sindano ya kofia.

Nikaingia jikoni nikachukua donge la unga wa chapati, gumu, nikalibandika kwenye chuma kisichozunguka, nikaichomeka sindano ncha ikitazama diski, karibu kabisa lakini isiiguse. Nafasi ya uzi mmoja. Wewe unajua macho yangu: kofia ikikosewa kitobo kimoja mie nakiona toka mlangoni. Nikaizungusha diski kwa mkono, taratibu. Nafasi ikapanuka, nyuzi mbili, tatu. Kisha ikaanza kubana, ikabana, ncha ikakwaruza, kwrrr. Nikazungusha tena. Palepale, kwrrr. Wallahi nilisimama nikapiga kigelegele peke yangu, kuku wakatawanyika. Nimekuona, mwizi wee!

Lakini je, mwizi ni diski yenyewe, au ni habu, ile sehemu ya chuma ambayo diski hukalia mgongo kwa mgongo? Hapo ndipo wengi wangekimbilia kununua diski ya tatu. Nikatia alama ya chaki kwenye diski pale inapokwaruza. Na kwenye habu, kwenye msumari wa kufungia nati ulio karibu na pale, nikatia ile rangi yako nyekundu ya kucha uliyodhani nimeitupa. Nikaitoa diski, nikaizungusha tundu moja mbele, nikairudisha na kuikaza. Kama kosa ni la diski, chaki ndiyo itakayokutana na sindano. Nikazungusha. Chaki ikapita salama, haikugusa kitu. Ikaja rangi ya kucha: kwrrr.

Furaha yangu ikaniishia miguuni. Diski haina hatia. Kombo hana hatia, na mie nimemvunjia heshima mbele ya watu wazima. Nikaitoa tena diski, nikaleta tochi ya simu, nikaitazama habu uso kwa uso kwa mara ya kwanza.

Kutu, mwanangu. Gamba la kutu, nene kama ukucha wa mzee, limeota upande mmoja tu, upande ule ulioelekea chini. Upande wa pili chuma kisafi. Na mie nikafahamu papo hapo, sikuhitaji fundi wa kuniambia. Gari inayotembea haipati kutu ya upande mmoja. Kutu hiyo ni ya gari iliyosimama. Maji ya bahari ya Chokocho yaliteremka yakakusanyika pale chini, yakakaa, hakuna aliyeyaosha, hakuna aliyelizungusha gurudumu, siku mia na thelathini. Kila diski mpya iliyowekwa juu ya gamba lile ilikaa mshazari, ikazunguka mshazari, wiki mbili pedi zikaila upande mmoja, na tetemeko likarudi.

Hiki ndicho kipande ninachokiruka. Watu wakiniuliza ilikuwa nini, nasema kutu tu, chumvi ya bahari, mnajua tena. Kikulacho ki nguoni mwako, nao wanacheka. Siwaambii kwamba kutu ile niliipika mwenyewe. Baba yako aliacha kazi ya ndoo nne za maji. Rafiki yake alikuja mara mbili kuifanya bure. Mie nikamfukuza, kwa kulinda alama ya tope. Karibu nipoteze kitu alichotuachia tule, nipoteze na masomo yako, kwa kuogopa kupoteza kiganja ambacho mvua ilikuja kukichukua kwa dakika moja. Nilikaa chini pale, mgongo kwenye gurudumu, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya mazishi. Nilimkasirikia baba yako kwa kusema kesho. Nilijikasirikia mwenyewe. Kisha nikamaliza, nikapenga makamasi kwa kanga, nikatafuta brashi ya waya.

Nilisugua! Brashi, kisha msasa mkubwa, kisha msasa laini, mpaka habu ikang'aa kama sufuria ya Idi. Nikapima kwa sindano: uzi mmoja, mzunguko mzima. Nikaenda upande wa kulia, nako gamba lilelile, nikalisugua nalo. Mikono ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, kofia ya bwana harusi haikumalizika siku ile, nikamwambia mama yake bwana harusi akae asubiri.

Lakini diski zilikuwa zimeshaliwa upande. Zilihitaji kukerezwa kwenye mashine zirudi sawa, na anayejua kukereza huku kwetu ni nani? Kombo. Ningeweza kumtuma mtu. Nilifikiri sana kumtuma mtu, nisikufiche. Kesho yake nikachagua saa ileile ya kahawa, nikazifunga diski kwenye mkeka wa ukili, nikaenda. Walewale wanaume, baraza ileile. Nilitamani ardhi ipasuke, Hidaya. Nikasema: "Kombo, nilikuvunjia heshima mbele ya hawa, basi nasema mbele ya hawa. Diski zako zilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kwenye habu, na kutu ile ni yangu, kwa sababu ulikuja kuiosha gari mara mbili nikakufukuza. Nisamehe."

Alizipokea diski mikononi mwangu. Kisha akasema, "Na mie diski nimebadilisha mara mbili, Bi Riziki, na mara zote mbili sikuifuta habu. Niliona kutu nikasema si kitu. Basi tugawane." Mzee mmoja barazani akauliza nilijuaje. Nikawahadithia sindano na donge la unga. Mwanangu, kahawa zilipoa! Kombo akaniuliza, mbele yao wote, bila haya, "Donge hilo la unga, unatia maji kiasi gani?" Huyo ndiye mwanamume. Akazikereza diski siku ileile, tukazifunga pamoja, nati tukizikaza kwa kuvukavuka, huku kisha ng'ambo, si kwa kuirukia spana kwa miguu kama wanavyofanya vijana wake.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake mnunuzi wa Wete akaja, kavaa kanzu yake safi, mkononi ana ufunguo wa kwake wa kufungulia magurudumu. Ami yako akaja, uso umemshuka. Hakuwa akifurahi, nakwambia. Nikamwambia, "Shemeji, ahadi ni deni. Wewe wa kwanza kupanda." Nikapakia magunia ya mwani mpaka juu, na kina mama sita juu ya magunia, waliokubali kwa kunipenda tu. Mnunuzi akatufuata kwa pikipiki. Ami yako alipokaa mbele alivua viatu vyote viwili, akavishika mkononi. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Mara hii nikitoka, natoka navyo."

Tukafika juu ya mteremko wa Mkoani, bahari yote ipo chini. Nikaiacha iteremke mpaka kina mama nyuma wakanyamaza. Nikakanyaga breki.

Tuli! Usukani umelala mikononi kama mtoto aliyeshiba. Pedali laini. Gari ikapunguza mwendo kwa heshima zake, kama bibi harusi anaingia ukumbini. Ami yako akafumbua jicho moja. "Rudia," akasema. Nikaiacha ishuke, nikakanyaga. Tuli. "Rudia tena, kwa nguvu." Nikakanyaga kwa nguvu mpaka magunia yakasogea, na usukani hata kidole haukutikisa. Nyuma kina mama wakalipuka kwa vigelegele, wakapiga bati la gari kwa mikono, watu wakatoka madukani wakidhani ni harusi. Tulipofika chini ami yako alishuka, akaweka viatu chini, akavaa kimoja, akavaa cha pili, polepole kabisa. Akamgeukia mnunuzi. "Ndugu yangu, nisamehe kwa usumbufu. Gari haiuzwi." Kisha akanitazama mie, macho yamejaa maji, akasema, "Marehemu Hamadi angekuona leo." Nikamwambia asinilize mbele za watu, nina mwani wa kushusha.

Hivyo ndivyo tulivyoshinda. Na wewe kesho unakwenda Unguja, na ada yako imetoka kwenye magurudumu yale. Nani kama sisi?

Sasa kwa nini nakwambia leo, na si miaka hii yote? Kwa sababu jana nilikuwa nakunja nguo zako, nikajikuta nimesimama mlangoni mwa chumba chako nakipigia hesabu. Shuka hii niiache ilivyo. Kanga ya Hidaya ya kulalia iliyo kwenye msumari niiache. Kile kikombe alichonywea chai kidirishani, nacho kikae. Nikamwambia bibi yako, bila hata kufikiri: "Akiondoka, chumba hiki kisiguswe." Bibi yako akaitikia haya, hajui lolote. Mie mwenyewe ndiye niliyesikia nilichosema, na nywele zikanisimama.

Basi nakutangazia rasmi, usije ukasema hukuambiwa. Kesho boti ikishapotea machoni, nitarudi nyumbani, nitatandua kitanda chako, nitafua shuka, nitaosha kikombe na kukitia kabatini na wenzake. Madirisha yatakuwa wazi. Keshokutwa wanakuja wasichana wanne kujifunza kofia, nao watakaa humo chumbani mwako, watapiga makelele, watamwaga chai, watakusengenya. Ukirudi likizo utakuta sindano kwenye godoro, na pengine utalala ukumbini na bibi yako. Nuna ukitaka. Kunijibu kwa hasira pia ruhusa, mradi upige simu.

Nitalia, lakini nitalia huku nafagia. Nenda mwanangu, nenda ukasome, radhi zangu zote unazo. Nasikia sauti yako njiani unacheka na watu, natakiwa nifunge daftari. Ndoo na sabuni nimeshaviweka mlangoni kwako.

Mama yako,
Riziki binti Shaame